Odumbe hakufungiwa kwa kuuza mechi

Nafundisha vijana kriketi hapa Mwanza, na kila jina la Maurice Odumbe likitajwa lazima mzazi mmoja adakie: "Yule Mkenya aliyeuza mechi?" Hapana.

Kwanza tumpe haki yake. Februari 29, 1996, kule Pune, India, Kenya walitolewa wote wakiwa na mikimbio (pointi za kriketi) 166 tu. West Indies, pamoja na mpigaji wao nyota Brian Lara, wakaishia 93. Odumbe, nahodha, aliangusha wiketi 3, yaani aliwatoa wapigaji watatu, huku akiruhusu mikimbio 15 tu, akawa mchezaji bora wa mechi.

Agosti 2004, akiwa na miaka 35, alifungiwa miaka 5. Jaji mstaafu wa Zimbabwe, Ahmed Ebrahim, alimkuta na hatia ya kupokea fedha na fadhila kutoka kwa mtu wa kamari. Shtaka halikuwa la kupanga matokeo, na mwenyewe alikana kosa lolote.

Sasa kupokea tu kuna ubaya gani? Sisi tuliozoea mikeka ya soka tunawaza nani kashinda. Kriketi inabetiwa vipande vipande, hadi ova moja, yaani mipira 6. Mrushaji akitupa mpira mbali na mpiga, mwamuzi ananyoosha mikono yote miwili, mkimbio mmoja unaongezwa, mpira unarudiwa. Vijana wangu hufanya hivyo kila Jumamosi, hakuna anayeshtuka. Ila aliyejua mapema kuwa mpira huo unakuja, akaubetia, ameshavuna. Na wakati mwingine mtu wa kamari anataka habari tu: nani ana goti bovu, uwanja una unyevu kiasi gani.

Ndiyo maana haji na ombi. Anakuja kama shabiki, analipa hoteli, anakuita kaka. Ombi linafuata baadaye, na hapo huna tena mdomo wa kukataa.

Odumbe alirudi uwanjani 2009, na 2018 akapewa kuinoa Kenya. Wanaomtwika yeye anguko lote la kriketi ya Kenya wanamwonea. Migogoro ya malipo na uongozi ilifanya kazi kubwa zaidi.

Kanuni za leo ni kali: Brendan Taylor wa Zimbabwe alifungiwa miaka mitatu na nusu mwaka 2022, na moja ya makosa yake ni kuchelewa kuripoti kuwa alifuatwa apange matokeo. Vijana huniuliza kama hata viatu vya msaada ni kosa. Vikipitia kwa chama, vaa. Ukiahidiwa usiku kwa namba usiyoijua, usijibu, usifute. Njoo na simu mazoezini tuisome wote.