Tundu kwanza, bushi baadaye

Wateja wengi wanaoleta kazi ya bushi, yaani kibomba cha shaba kinachobanwa ndani ya tundu ili pini izunguke humo, karakanani kwetu Gerezani, Dar es Salaam, huanza kwa kuuliza bushi itakuwa ya shaba gani na itadumu muda gani. Mimi huanza na tundu, kwa sababu bushi iliyozidi naweza kuirudisha kwenye lezi, mashine ya kukereza, nikaipunguza, lakini hausingi, yaani chuma chenye tundu la bushi, iliyotobolewa ikapitiliza haina dawa rahisi.

Kwa kipenyo cha milimita 30, natoboa kwa keekee ndogo, napanua kwa kisu cha lezi, kisha namalizia kwa rima, kifaa cha kulainisha tundu hadi kipimo kamili, ya daraja la H7, yaani tundu linaruhusiwa kuwa kati ya milimita 30.000 na 30.021. Keekee peke yake haifai, maana tundu lake mara nyingi huzidi kipimo wala si duara kamili, na bushi humo hushikwa mahali pawili patatu tu. Bushi ya shaba nyeusi naikereza kwa daraja la s6, yaani 30.035 hadi 30.048. Ukitoa, utaona kwamba mbano, yaani kiasi ambacho bushi inazidi tundu, unaweza kuwa 0.014 au ukafika 0.048, zaidi ya mara tatu, ingawa sehemu zote mbili zimo ndani ya vipimo. Kwa hiyo sikerezi bushi kabla ya kulipima tundu lenyewe. Nikilikuta limefika 30.018, bushi naipeleka karibu na kikomo cha juu.

Hilo la vipimo nililijua mapema, lakini la joto lilinigharimu. Nilikereza bushi nne za mashine ya kufyatua matofali, mteja kasimama mlangoni, nikazipima zikiwa za moto kiasi cha kuzishika kwa kitambaa. Maikromita ilisoma 30.040. Zilipopoa ziliingia kwa kugongwa na mpini wa nyundo, na baada ya siku chache zilikuwa zikizunguka pamoja na pini zake. Shaba nyeusi hutanuka kwa takriban sehemu 18 kwa milioni za urefu wake kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Nyuzi 40 kwenye milimita 30 ni 0.022, ambayo ilitosha kuumeza mbano wote. Wapo wanaolilaumu joto la Dar es Salaam, lakini bushi na hausingi ya chuma zikikaa meza moja hupata joto pamoja, na tofauti ya kutanuka kwake kutoka nyuzi 20 hadi 32 ni kama 0.002 tu.

Jambo jingine ni tundu la ndani. Bushi nyembamba ikishaingia kwa presi, sehemu kubwa ya mbano huhamia ndani na kukipunguza kipenyo chake, kwa hiyo naliacha likiwa dogo kidogo na kulipitisha rima ya milimita 25 H7 baada ya kubana, pini ikiwa f7, yaani ndogo kidogo kuliko tundu ili izunguke. Bushi za shaba ya unga zilizoloweshwa mafuta sizipitishii rima, kwa sababu huziba vinyweleo vinavyotoa mafuta hayo. Hizo nazibana juu ya mandreli, yaani fimbo ya chuma iliyosuguliwa kwa kipimo ninachokitaka.