Funga Daftari Ndipo Usome

Mitihani ikikaribia, wanafunzi wanaokuja kuniona huwa na lalamiko moja: nimekesha nasoma, nimeingia chumba cha mtihani kila kitu kimefutika. Nikiwauliza walisomaje, jibu huwa lile lile. Wamelirudia daftari mara nne, mara tano, na kurasa zimejaa mistari ya rangi.

Sikatai kwamba wamesoma. Ila ukurasa ukishausoma mara ya tatu, macho yanateleza tu. Kila sentensi unaiona umeizoea, na mazoea hayo unayachukulia kuwa ndiyo kujua. Kulitambua jambo likiwa mbele yako ni kazi moja, kulitoa kichwani halipo mbele yako ni kazi nyingine kabisa, na mtihani unadai hiyo ya pili.

Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, walilipima hili katika utafiti waliouchapisha mwaka 2006. Kundi moja la wanafunzi lilisoma habari fupi kwa vipindi vinne vya dakika tano tano. Kundi jingine liliisoma kipindi kimoja tu. Vipindi vitatu vilivyobaki lilipewa karatasi liandike chochote linachokumbuka, bila kuonyeshwa ile habari tena. Walipopimwa dakika tano baadaye, waliosoma tu walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Wiki moja baadaye, waliosoma tu wamebaki na 40, wenzao wana 61. Na hapa ndipo ninapopapenda: waliokuja kuambulia 40 ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka!

Kila unapojilazimisha kulikumbuka jambo, njia ya kulifikia inaimarika. Kwa hiyo kujipima si kuangalia tu kama umejifunza; kwenyewe ni kujifunza.

Waliosoma madrasa hawatashangaa. Mtoto haendi sura inayofuata mpaka aketi mbele ya ustadhi na kuisoma ile ya jana kwa ghaibu, msahafu umefungwa. Akikwama, ustadhi hamsomei aya nzima. Anamtupia neno moja, mtoto anadaka na kuendelea. Neno hilo huitwa kidokezo, na linafaa hasa kwa kuwa ni dogo: kazi iliyobaki anaifanya mtoto mwenyewe. Sura za zamani nazo hazisahauliwi, kuna siku zake za kuzipitia. (Kuelewa maana ni somo jingine, nalo lina walimu wake.)

Kuhusu hizo siku za kupitia, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, akijitumia yeye mwenyewe kwenye majaribio, kwamba usahaulifu una haraka mwanzoni: sehemu kubwa hupotea ndani ya saa za kwanza, kisha kasi inapungua. Ndiyo maana kusoma kwa saa tatu mfululizo Jumapili usiku hakulingani na kusoma saa moja moja kwa siku tatu.

Kwa hiyo ukimaliza mada ya mfumo wa damu, funga daftari. Chora moyo kwenye karatasi tupu, taja vyumba vyake, eleza damu inavyopita kwa maneno yako. Utakwama, na pengine utaudhika. Vumilia kidogo kabla ya kuchungulia. Kisha fungua usahihishe kwa kalamu nyingine, maana jibu baya lisiporekebishwa linaweza kukaa kichwani kama lile zuri. Kesho kutwa chora tena, ukianzia pale ulipokwama.