Daraja la ndege ni la nani?

Masika haya, mvua ikinyesha, mama mmoja alikuwa anashuka ngazi za ndege, mtoto mgongoni. Aliponifikia akanishika mkono: "Mwanangu, hivi shirika hili limekosa hela ya kununua daraja?" Alimaanisha ule ujia uliofunikwa unaounganisha jengo na mlango wa ndege. Nikamfunika na mwavuli hadi kwenye basi. Nilimpa shikamoo tu, sikumfafanulia zaidi, maana maelezo yenyewe ni marefu. Ngoja niyaandike hapa.

Kwetu Dar daraja si la shirika. Yale yanayochomoza kutoka Jengo la Tatu pale JNIA, Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, ni mali ya uwanja, yaani ya TAA, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, kama zilivyo lifti na mikanda ya mizigo. Jengo hilo lilijengwa na BAM International ya Uholanzi, likazinduliwa Agosti 2019, uwezo wake abiria milioni 6 kwa mwaka. Shirika hupangiwa geti, hukaa saa moja au mbili, likiondoka anaingia mwingine. Kila mmoja angeleta daraja lake, ingekuwa sawa na kila daladala kujijengea kituo.

Marekani ndiko utakuta mengine. Huko mashirika makubwa hukodi mageti kwa miaka mingi, na baadhi yamejinunulia madaraja yao wenyewe. Shirika likifa au likihama, daraja hubaki limesimama huku watu wakibishana litauzwa kwa nani. Viwanja vingi siku hizi vinapendelea mageti yanayotumiwa kwa zamu na mashirika mbalimbali. Kuna pia tozo ambayo uwanja huruhusiwa kumkata abiria, isiyozidi dola 4.50 kila anapopanda ndege, na fedha hiyo inaweza kujenga vitu kama hivi.

Sasa, nani analipa? Uwanja unamtumia mwenye ndege ankara. Kwingine daraja lina mstari wake kwenye ankara, kwa kila matumizi au kwa muda. Kwingine limefichwa ndani ya ada ya kutua, ya maegesho au ya huduma kwa abiria. Hiyo ya mwisho imo kwenye tiketi yako, na hapa kwetu kwa miaka mingi imekuwa dola 40 kwa safari ya nje. Hupunguziwi senti kwa kushuka ngazi. Mama yule alikuwa ameshalipa.

Si kila ndege inalihitaji, lakini. Dash 8 ya Air Tanzania ina mlango wenye ngazi zake na tumbo lake liko chini. Ryanair kule Ulaya hupenda ngazi kwa makusudi: abiria hupita mlango wa mbele na wa nyuma kwa pamoja, ndege iwe tayari kuondoka tena ndani ya dakika 25 hivi. Kwa jua la Dar, mimi bado nachagua daraja.

Kinachonikosesha usingizi ni nani ameshika usukani wa daraja hilo. Ndege ikishawekewa vizuizi vya magurudumu, opereta hulisogeza taratibu mpaka mpira wa mbele ya daraja uguse bodi ya ndege. Kisha anawasha "auto", kigurudumu kinachoegemea ubavu wa ndege. Mizigo ikishushwa ndege inainuka, mafuta yakiingia inashuka, na kigurudumu hicho huliambia daraja lifuate. Kikizimwa, ndege inazama, mlango uliofunguliwa unakaa juu ya sakafu ya daraja, bawaba zinapinda.

Niliwahi kulishuhudia hilo katika uwanja mmoja nilipokuwa bado mdogo kazini. Daraja la uwanja, opereta wa kampuni ya huduma za ardhini, ndege ya mtu wa tatu, abiria wote hotelini. Mkataba wa mfano wa IATA, jumuiya ya kimataifa ya mashirika ya ndege, ambao wengi wameutumia humlinda sana mtoa huduma: kama hakukusudia wala hakufanya uzembe wa kupindukia, hulipia uharibifu wa ndege hadi kiwango ambacho bima ya mwenye ndege haigusi, na dari yake ni dola milioni 1.5. Zaidi ya hapo ni bima ya shirika. Kwa hiyo kila upande ulikuja na daftari lake la zamu, na madaftari yote yaliandikwa "auto imewashwa". Ubishi ulikwisha fundi mmoja alipotoa simu mfukoni. Alikuwa amepiga picha ya paneli ya kuendeshea daraja kabla mtu hajaigusa, na taa ya auto ilikuwa imezimika.