Uchunguzi wa kiakiolojia kwenye njia ya barabara ya mgodi: maana yake

Kampuni ya madini inapotaka kufungua barabara katika msitu wa mlimani, wahandisi huchora mstari kwenye ramani. Uchunguzi wa kiakiolojia ni kazi ya kuufuata mstari huo kwa miguu kabla ya tingatinga kufika, ili kujua kama njiani kuna mabaki ya watu wa kale: makazi, makaburi, matanuri ya kuyeyushia chuma, mapango, matuta ya mashamba yaliyoachwa. Huu si ufukuaji mkubwa wa kujaza makumbusho. Kinachotakiwa ni kujua kuna nini, kiko wapi, na kama barabara inaweza kukikwepa.

Wengi hudhani msitu mnene wa mlimani haujawahi kukaliwa. Si kweli. Mwaka 2009, katika eneo la Caracol nchini Belize, ndege iliyopima ardhi kwa miale ya leza ilifichua chini ya miti matuta ya kilimo na barabara za Wamaya, wenyeji wa kale wa Amerika ya Kati, katika eneo la kilomita za mraba 200 hivi. Miale hiyo huonyesha umbo la ardhi, lakini haionyeshi kigae wala kaburi lisilo na alama. Hayo hutafutwa kwa macho, kwa koleo, na kwa kuwauliza wenyeji, ambao mara nyingi wanajua palipokuwa na kijiji cha mababu na mahali pa matambiko.

Msituni ardhi imefunikwa na majani, kwa hiyo kutembea tu hakutoshi. Wachunguzi huchimba vishimo vidogo kwa vipimo vya umbali vilivyopangwa, huchekecha udongo, na huandika kila kilichopatikana: vigae vya vyungu, mawe yaliyochongwa, makaa, mavi ya chuma (mabaki yanayotoka chuma kinapoyeyushwa). Mifupa ni nadra, maana udongo wenye asidi huila, na kaburi linaweza kubaki kama doa tu la udongo wa rangi tofauti. Kwenye miteremko, maporomoko huweza kufukia makazi kwa kina kisichofikiwa na koleo. Ndiyo maana ripoti isemayo “hakuna kilichoonekana” isisomwe kamwe kama “hakuna kitu”.

Jambo linalosahaulika ni kwamba mhandisi na mtu wa kale wanapenda ardhi ile ile. Wote wawili hutafuta mgongo wa mlima usio na mwinuko mkali, njia nyepesi ya kuvukia upande wa pili, na mahali pa tambarare karibu na maji. Mstari uliochorwa kwa kutafuta nafuu ya gharama huelekea kupita mahali ambapo watu waliishi.

Halafu barabara haiishii kwenye upana wake. Kuna machimbo ya kifusi, kambi za wafanyakazi, mitaro ya maji, na udongo unaosukumwa bondeni. Uchunguzi unaoangalia katikati ya barabara peke yake umeacha sehemu kubwa ya madhara bila kuiangalia.

Lakini kwangu muhimu kuliko yote ni wakati. Huko Juukan Gorge, Australia Magharibi, kampuni ya madini ya Rio Tinto ilipata mwaka 2013 kibali cha kisheria cha kuliharibu pango la mwamba lililokuwa kwenye eneo la mgodi wake. Mwaka uliofuata ufukuaji ukaonyesha kwamba watu walilitumia pango hilo la mwamba tangu miaka 46,000 hivi iliyopita. Kibali hakikubadilishwa, na Mei 2020 pango likalipuliwa. Elimu ilikuwepo, ila ilifika baada ya uamuzi, na haikuwa na nguvu ya kuurudisha nyuma. Uchunguzi una maana pale tu mstari bado unaweza kusogezwa, hata kwa mita hamsini.

IFC, shirika la Kundi la Benki ya Dunia linalofadhili miradi ya kampuni binafsi (si IMF), linaitaka miradi linayoifadhili iepuke kwanza kuharibu urithi wa kitamaduni, na iwe na utaratibu wa vitu vinavyoibuka bila kutarajiwa wakati wa ujenzi. Kwa vitendo, mwendesha mashine akiona vigae au mifupa ndani ya udongo aliouchimba, anasimama, eneo linazungushiwa uzio, mtaalamu anaitwa, na hakuna anayegusa kitu mpaka afike. Dereva huyo anapaswa kufundishwa kukitambua kigae kabla hajawasha injini siku ya kwanza.