Marejesho ya VAT yakikwama, ulizia kwanza jalada limefika wapi

Wateja wanaoniletea suala la marejesho ya VAT karibu wote huanza na swali moja: "Nimwone nani pale TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania)?" Mimi huwauliza langu: una uthibitisho gani kwamba maombi yako yalipokelewa, na ni wa tarehe ngapi? Hapo wengi hunyamaza. Wananionyesha ritani za kila mwezi zenye salio la kudai, yaani VAT waliyolipa kwenye manunuzi imezidi ile ya mauzo, wakiamini kwamba ritani ndiyo maombi yenyewe. Siyo. Salio lile, usipoliombea marejesho, linahamia tu mwezi unaofuata, na hakuna anayeshughulikia malipo yako kwa sababu hakuna aliyeombwa alipe.

Sheria ya VAT ya 2014, iliyoanza kutumika Julai 2015, imeweka utaratibu. Kwa kawaida salio hubebwa kwa miezi sita, na likibaki ndipo unaomba urejeshewe. Mwenye biashara ambayo zaidi ya nusu ya mauzo yake yanatozwa asilimia sifuri, kama wanaouza nje ya nchi, halazimiki kusubiri miezi hiyo. Ukishawasilisha maombi kamili, Kamishna Mkuu ana siku 90 za kutoa uamuzi. Ndiyo maana nang'ang'ania tarehe. Bila hiyo huwezi kusema umecheleweshwa, utasema tu umechoka.

Sasa tuje kwenye ukamilifu, maana hapa ndipo pesa nyingi hulala. Nina mteja anayebangua korosho na kuziuza nje. Mauzo yake yana VAT ya sifuri, lakini vifungashio, umeme na vipuri vya mashine ananunua kwa asilimia 18, kwa hiyo kila mwezi anadai. Maombi yake yalipokwama alikuja amefura, akitaka tuandike barua kali. Tulipolifungua jalada lake tukakuta uzito kwenye TANSAD (hati ya forodha) ya mzigo mmoja hauendani na ankara aliyomtumia mnunuzi. Risiti kadhaa za EFD (mashine ya risiti za kodi) hazikuwa na TIN, namba yake ya mlipakodi, wala VRN, namba yake ya usajili wa VAT; muuzaji alizitoa kama anamuuzia mpita njia. Nyingine zilikuwa na umri wa zaidi ya miezi sita alipoziingiza kwenye ritani, na kodi ya manunuzi ya zamani hivyo huwezi kuidai tena. Mkaguzi akikutana na hayo hawezi kuidhinisha hata kama anakupenda kama ndugu.

Barua kali hatukuandika. Tulipanga nyaraka kwa kila mzigo: TANSAD, BL (hati ya shehena ya meli), ankara, uthibitisho wa benki kwamba mnunuzi amelipa. Risiti zenye kasoro tukazirudisha kwa waliozitoa, na zilizoshindikana tukaziondoa kwenye dai. Alilalamika kwamba dai limepungua. Mimi naona heri dai dogo linalosimama kuliko kubwa linalorudishwa mezani kila likiguswa.

Ukiwa na uhakika nyaraka ziko sawa na siku zimepita, andika kwa meneja wa mkoa wako wa kodi. Dar ina mikoa ya kodi kadhaa, Ilala, Kinondoni, Temeke na mingine, na walipakodi wakubwa wana idara yao. Barua isipofika panapohusika inapoteza muda bure. Iwe ya ukurasa mmoja: TIN, VRN, miezi inayodaiwa, kiasi, tarehe ya kupokelewa. Uliza jalada limefikia hatua gani na kama kuna kinachokosekana. Kama tayari limeidhinishwa na linasubiri fedha, kumwandama mkaguzi hakutasaidia. Na kama una deni la kodi nyingine, dai lako litaanza kukatwa huko, hivyo hesabu mapema kitakachobaki. Ila kwa mwenye deni mimi huona hiyo ni nafuu, siyo hasara.

Barua ikikosa jibu, ipo Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, TOST, iliyopewa nguvu na Sheria ya Fedha ya 2019. Huduma yake ni bure, na ucheleweshaji wa kiutawala ni aina ya jambo iliyoundiwa. Usiende huko kubishania tafsiri ya sheria. Ukikataliwa marejesho kwa uamuzi rasmi, njia ni pingamizi kwa Kamishna Mkuu ndani ya siku 30, na usiporidhika unakwenda Bodi ya Rufani za Kodi. Siku 30 hizo huisha upesi, hasa barua ikiwa imepokelewa na mlinzi getini.

Vishoka wanaokuahidi "kulisukuma" jalada kwa asilimia fulani, waache. Wakikuomba na nywila ya akaunti yako ya kodi, ndiyo kabisa.

Wakati unasubiri, endelea kuwasilisha ritani kila ifikapo tarehe 20. Na kile kiasi ulichokwisha kukiombea marejesho usikibebe tena kwenye ritani ya mwezi unaofuata, kwa sababu kikionekana sehemu mbili, dai zima litarudi kwa mkaguzi.