"Mguu umerudi, dokta, tupe karatasi aendeshe"

Jumanne kijana mmoja alinipigia simu kabla sijamaliza chai. Baba yake alipata kiharusi miezi minne iliyopita. "Dokta, mzee sasa hivi anatembea mwenyewe hadi sokoni na kurudi. Mguu umerudi kabisa. Tunaomba tu hiyo karatasi aanze kuendesha." Nikamuuliza mzee anamaliza chakula chote sahanini? Akanyamaza. Nikamuuliza akitoka chumbani huwa anajigonga bega lipi. Akaona namzungusha, akasema atanitafuta baadaye.

Hiyo ni simu ya tatu ya namna hiyo ndani ya wiki mbili, na zote zimekuja na maneno yaleyale: mguu umerudi. Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, nipo Morogoro. Kazi yangu ni kumrudisha mtu kwenye shughuli zake baada ya ugonjwa au ajali, na kuendesha gari ni shughuli mojawapo. Nimechoka kulieleza jambo hili mlangoni, mgonjwa akiwa ameshashika funguo mkononi. Kwa hiyo naliandika lote hapa.

Mguu tuumalize haraka, maana ndio tatizo jepesi kuliko yote. Wa kushoto ukibaki dhaifu, unaachana na klachi, unanunua gari la otomatiki, basi. Wa kulia ukigoma, fundi anayejua kazi anaweza kuhamishia pedeli ya mafuta kushoto kwa breki. Ikigoma yote miwili, kuna mtambo wa mkono: unausukuma kupata breki, unauvuta kupata mafuta. Mkono mmoja ukilala, kuna kishikio cha mviringo kinachofungwa kwenye usukani, unauzungusha kwa kiganja kimoja. Waliovunjika uti wa mgongo wanaendesha. Waliokatwa mguu wanaendesha. Kwenye miguu ninachokiogopa ni ganzi kuliko udhaifu: yule mwenye kisukari cha miaka mingi ambaye unyayo wake hautambui umekanyaga breki au mafuta. Huyo anatembea vizuri mbele ya wanawe, wala hakuna anayemshuku.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi.

Nina mgonjwa, dereva wa malori, ameniruhusu nimsimulie bila jina. Amepita njia ya Dar es Salaam hadi Kigali kwa miaka mingi kuliko ninavyoifanya kazi hii. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia wa ubongo, kikamlaza mkono na mguu wa kushoto. Alipoletwa kwangu alikuwa tayari anatembea, anazungumza vizuri, anakumbuka bei ya dizeli ya kila kituo. Mke wake alikuwa na lalamiko moja: "Siku hizi mboga haili. Anakula ugali, mchicha anauacha."

Nikamwomba mama anionyeshe anavyopakua. Ugali kulia, mchicha kushoto. Nikaigeuza sahani. Mzee akala mchicha wote, akaacha ugali.

Macho yake hayakuwa na kosa. Alikuwa ametoka kwa daktari wa macho na majibu ya 6/6, amesoma ubao wa herufi mpaka mstari wa chini. Kilichotokea ni kwamba ubongo wake uliacha kushughulika na upande wa kushoto wa dunia. Mwenyewe haoni giza upande huo wala hahisi kwamba kuna kitu kinakosekana. Kwake dunia imekamilika, ila ni fupi.

Huwa natumia karatasi moja iliyotapakaa nyota kubwa, nyota ndogo, herufi na maneno. Nyota ndogo ziko 56. Mbili nazikata mimi kumwonyesha, zinabaki 54 za kwake, 27 kila upande. Nikampa kalamu. Alikata taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayekagua tairi, akaniwekea karatasi mezani na kusema, "Tayari." Za kulia alikuwa amezikata zote 27. Za kushoto alikata tatu, zote karibu na mstari wa katikati. Nikamuuliza, "Baba, una uhakika?" Akaikagua tena karatasi kwa dakika nzima. "Nimemaliza, dokta."

Hapo ndipo ndugu wengi, na hata wahudumu wenzangu, wanapochanganya watu wawili. Wa kwanza amepoteza nusu ya upeo wa macho. Njia ya mishipa ya kuona imekatika ndani ya kichwa, kwa hiyo upande mmoja wa picha haufiki, kwa macho yote mawili. Wengi wa hao wanalijua pengo lao baada ya muda, wanajifunza kugeuza shingo kulifidia. Wa pili picha inamfikia, lakini ubongo hauijali, naye hageuzi shingo kwa sababu hajui kuna cha kutafuta. Kuna wenye yote mawili. Ubao wa herufi haumkamati yeyote kati yao, kwa sababu ubao unapima ukali wa jicho katikati kabisa ya unapotazama, na bodaboda haiji katikati kabisa ya unapotazama.

Na kuna wa tatu, ambaye ndiye hunikosesha usingizi. Namkalisha mbele yangu, ananitazama puani. Nachezesha kidole changu upande wake wa kushoto: "Nimekiona." Upande wa kulia: "Nimekiona." Nachezesha vyote viwili kwa pamoja: "Kulia." Narudia. "Kulia." Kila upande ukiwa peke yake anauona, zikishindana pande mbili kushoto kunafutika. Mtu huyu ukimpima upande mmoja mmoja atafaulu. Ukimpeleka kwenye uwanja mtupu wa shule ya udereva atafaulu. Mweke makutano ya Msamvu saa kumi na mbili jioni, kulia kwake basi linachomekea na konda ananing'inia mlangoni, kushoto mama anavuka na ndoo ya ndizi kichwani. Mama huyo hayupo. Sisemi dereva kachelewa kumwona. Kwa dereva huyo mama hayupo kabisa.

Tafadhali fikirini kushoto kuna nini kwenye barabara zetu. Tunaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo kushoto ndiko kwa waenda kwa miguu, wanafunzi, baiskeli za mkaa, mtaro, na bodaboda zinazopenya pasipo na nafasi. Mgonjwa wangu akivuka daraja la Rusumo mambo yanageuka, kwa sababu Rwanda wanaendesha kulia, na kushoto kwake ndiko yanakotoka magari yanayokuja uso kwa uso. Safari moja, upande uleule uliosahaulika, hatari mbili tofauti. Nilipomchorea hili kwenye karatasi ndipo kwa mara ya kwanza alikaa kimya.

Halafu kuna hoja ya uzoefu. "Baba ameendesha miaka 30, hawezi kusahau." Ni kweli, hasahau. Gia, klachi na usukani vimekaa mahali ambapo kiharusi mara nyingi hakivigusi, ndiyo maana mtu anaweza kufika kwake salama kwa njia aliyoizoea akashangilia. Kinachodhurika ni uwezo wa kuacha ulichokuwa unafanya na kufanya kingine papo hapo: trafiki kafunga njia, mtoto kafuata mpira, lori la mbele limewasha indiketa ya kulia halafu likakata kushoto. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Ubongo ukichelewa sekunde moja tu kubadili uamuzi, umeshapita zaidi ya urefu wa semitrela nzima kabla mguu, ule mguu uliorudi, haujaanza kusogea. Nimewaona wazoefu wakifeli hapa kuliko wageni wa barabara, kwa sababu uzoefu unawapa ujasiri wa kushika mwendo ambao ubongo wao wa sasa hauumudu.

Watu huniuliza basi ni muda gani. Uingereza mwenye gari dogo haruhusiwi kuendesha kwa mwezi 1 baada ya kiharusi, na dereva wa lori au basi kwa mwaka 1. Upeo wa macho wanautaka uwe angalau nyuzi 120 kwa upana, na nyuzi 50 kila upande wa katikati. Nayatumia haya kama kipimo cha kujipimia kazi yangu, si kama sheria yetu. Na nakuomba usiusome huo mwezi mmoja kama ahadi ya kupona. Mwezi ukiisha ndipo unapouliza swali. Mgonjwa wangu wa malori alifika kwangu mwezi wa tatu, na umeona nyota zake.

Degedege baada ya kuumia kichwa ni mada ya siku nyingine, ila usiifiche. Familia inayoniambia "ilikuwa mara moja tu, usiandike" inamweka baba yao hatarini, na mtoto wa mtu mwingine pia.

Sasa niseme ambayo vitabu vinayapitia juujuu. Vipimo vyangu vingi vilitengenezwa kwa watu wa nchi nyingine. Kuna kimoja cha kuunganisha namba na herufi kwa zamu, 1 kisha A, 2 kisha B, huku saa inahesabu. Nampa mama aliyeishia darasa la nne, ambaye anaendesha pikapu yake ya nyanya bila hata mkwaruzo, na anachukua dakika tano. Nimepima ubongo wake au nimepima shule yake? Kwa mtu kama huyo siwezi kuitumia namba ile peke yake, na nimeshaona ripoti za wenzangu zikiitumia peke yake.

Waliofaulu wazi na waliofeli wazi hawanipi shida. Walio katikati ndio kazi. Hao karatasi haitoshi, lazima barabarani, kwenye gari la mwalimu lenye breki mbili, mimi nyuma na kalamu. Na hata hapo nina shaka. Mtu anayejua anatazamwa anajikaza kwa dakika 45. Sitamwona siku aliyolala vibaya, jua linazama machoni, simu inaita. Kuna mtu mmoja nilimkatalia miaka kadhaa iliyopita, dereva wa daladala. Alikuwa katikati. Nilipima mara mbili, nikaandika hapana, na nyumba nzima ilikuwa inakula kwa mikono yake. Mpaka leo sijui kama ningeandika hivyo tena. Sina amri ya kumnyang'anya mtu leseni. Ninatoa maoni, lakini maoni yale yanaingia jikoni kwa watu.

Ndiyo maana siku hizi nawauliza mno wanaoishi na mgonjwa. Ukitaka kunisaidia kabla hujaja na mzee wako, angalia bega lake la kushoto na kiwiko kama vina michubuko ya fremu za milango. Angalia ndevu zake, amenyoa pande zote? Akisoma gazeti, anaanzia katikati ya mstari na kusema mwandishi haeleweki? Kama ameshaanza kuendesha kimyakimya, na wengi wameshaanza, nenda kakague gari: kioo cha kushoto, bampa la kushoto, rimu za kushoto. Gari halimwonei mtu haya. Na umwulize mama, mkiwa peke yenu, kama anapokaa kiti cha mbele huwa anakanyaga breki isiyokuwepo.

Mzee wa malori tumekuwa naye wiki kumi na moja sasa. Tulianza na utepe mwekundu uliobandikwa ukingo wa kushoto wa kila karatasi, haruhusiwi kuanza kazi mpaka jicho limeupata. Kisha utepe kwenye meza ya chakula. Kisha bila utepe. Kisha tukatoka nje, tukawa tunatembea kando ya barabara na yeye ananitajia kila kinachokuja kushoto kabla sijakitaja. Mwanzo nilikuwa namshinda kila mara. Alhamisi iliyopita alishika mkono wangu akanivuta nyuma: bodaboda, haina taa, ilitokea kushoto nyuma ya kibanda cha chipsi. Sikuwa nimeiona.

Nyota zake juzi zilifika 53. Lori bado, na nimemwambia wazi kwamba huenda lori lisirudi. Alilipokea vibaya, akatoka bila kuaga, akarudi baada ya nusu saa. Jumatatu saa tatu asubuhi tunaanza na gari dogo, otomatiki, breki mbili, kwenye barabara ya vumbi isiyo na watu. Mke wake ameomba akae nasi nyuma. Nimemwambia aje.