Kichwa cha treni cha umeme si dhaifu kuliko cha dizeli

Imani ya siku nyingi ni kwamba kichwa cha dizeli ndicho chenye nguvu, cha umeme ni cha mizigo myepesi. Si kweli. Vichwa vingi vya dizeli navyo husukumwa na mota za umeme: injini ile inayonguruma inazungusha jenereta, na jenereta inalisha mota zinazozungusha magurudumu. Cha umeme hakibebi injini wala tangi la mafuta. Kinachukua umeme kwenye waya wa juu, ambao kwenye SGR ya Tanzania una volti 25,000, na nyuma ya waya huo ipo gridi nzima. Huko China, reli ya Daqin huvuta treni za makaa ya mawe za tani 20,000 kwa vichwa vya umeme.

Kwa treni za mijini, zinazosimama kila baada ya dakika chache, jambo kubwa ni kuchomoka kituoni upesi, na hapo umeme unaishinda dizeli. Caltrain, huduma ya treni za abiria ya California, ilihama kutoka dizeli kwenda umeme Septemba 2024; safari ya San Francisco hadi San Jose inayosimama vituo vyote, iliyokuwa ikichukua takriban dakika 100, sasa haifiki 80.